Kamba ya Kiatu cha Kushoto

Mimi ni mtu asiyejua kushindwa. Hata karata za Krismasi nyumbani watu hucheza nami kwa hadhari, maana nikishindwa nanuna mpaka chai inapoa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa kocha mpole aliyepitiwa.

Siku za kazi nilikuwa karani wa ofisi. Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa kocha wa timu ya wanawake ya besiboli hapa mtaani Jericho. Watu walitucheka sana. Mtaa mzima ni wa kandanda, na sisi tunarushiana kimpira na kukipiga kwa rungu. Glavu zetu tulizitoa Gikomba kwenye mitumba, na mama aliyetuuzia za kwanza alituhakikishia kwamba ni za kuepulia sufuria. Marungu tulichongewa na mzee mmoja Mkamba wa Shauri Moyo, mchonga vinyago, ambaye hakuelewa mtu anatakia nini kipande cha mti kisicho hata na kichwa cha twiga.

Mrushaji wetu alikuwa msusi. Katika mchezo huu mrushaji ndiye nguzo: ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na akirusha sawasawa, mpigaji anapiga upepo. Yeye alirushia mkono wa kulia, na mkono huo huo ndio ulioshika kitana katika kibanda chake sokoni. Wateja walipanga foleni kwake toka asubuhi. Aliishi na mama yake, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, na siku niliyokwenda kumwomba binti ajiunge nasi, mama aliniambia, "Mwalimu, chezeni tu. Lakini huo mkono ndio shamba letu."

Nikamwahidi nitautunza.

Sasa, mtu wa huku kwetu Eastlands hasemi amechoka. Mkute na homa, umuulize hali, atakwambia yuko poa. Na mchezaji akitamka uwanjani kwamba ameishiwa nguvu, kabla ya jioni habari imefika Mathare na imeongezwa chumvi njiani. Kwa hiyo mimi na msusi wangu tulipatana ishara. Akiona mkono umefika mwisho, angeinama na kufunga upya kamba ya kiatu cha kushoto. Mimi ningemtoa na kujifanya ni uamuzi wangu, hata nimfokee kidogo watu wasikie. Hivyo aibu ingekuwa yangu na heshima ingebaki yake. Kabla ya siku ninayotaka kuisimulia aliitumia mara mbili tu, na mara zote mbili nilimtoa, naye akatoka akinung'unika vizuri kabisa.

Kisha ikaja nusu fainali. Misimu mitatu mfululizo tulikuwa tumeng'olewa hapo hapo, na timu ile ile, wanawake wenye sare za kupigwa pasi na kiwanja chenye nyasi. Safari hii walikuja kwetu, kwenye vumbi letu. Benchi letu lilikuwa upande wa magharibi, jua la alasiri likituchoma visogo, na wao ng'ambo ya pili wakikinga macho kwa viganja. Jambo hilo lilinifurahisha, siwezi kukataa.

Zamu ya mwisho ilitukuta tukiongoza kwa pointi moja. Wao ndio waliokuwa wakipiga. Vituo vyote vitatu vya kukimbilia vilikuwa na watu wao, na sisi tulibakiza kumtoa mpigaji mmoja tu. Nilikwenda katikati ya uwanja.

"Uko aje?"

"Niko fiti, kochi."

"Na mkono?"

"Iko sawa tu."

Alisema akitazama vumbi. Nikarudi kwenye benchi. Alirusha mpira mmoja, ukaenda kombo. Ndipo akainama akafunga kamba ya kiatu cha kushoto.

Nilimtazama mrushaji wa akiba, mama mmoja mwenye moyo mkubwa na mkono mwoga, ambaye kwa vituo vilivyojaa vile angetumaliza. Nilimtazama kocha wa wale wenzetu, amekunja mikono, anangoja. Kisha nikageuka nikajishughulisha na chupa za maji, nikizipanga kana kwamba nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Nilipoinua macho, alikuwa ameinama tena.

Nikapiga makofi nikamwambia, "Haya, rusha."

Alinitazama kidogo. Kisha akarusha, akarusha tena, na mpira wa tatu sijapata kuona mfano wake. Mpigaji alipiga upepo mara zote tatu, akatoka. Uwanja ukajaa vigelegele, watu wakanibeba mabegani, mimi karani mzima na sketi yangu. Nikiwa kule juu nilimwona msusi wangu amesimama peke yake, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Fainali tulifungwa vibaya. Hakuwapo.

Hospitali walisema ni nyama za ndani ya bega. Alikandwa, akafanyishwa mazoezi, akaombewa. Mkono haukupanda tena kupita kifua. Kwa muda aliwakalisha wateja chini kwenye mkeka ili vichwa viwe karibu, lakini kichwa cha kazi ya saa tatu kilimchukua siku nzima, na wateja wakahamia vibanda vingine mmoja mmoja, kwa adabu, wakimsalimia wanapopita. Siku hizi anauza rasta na mafuta ya nywele. Wasusi wengine ndio wanaonunua kwake. Mimi niliacha ukocha, na watu husema niliacha kwa uzee.

Juzi nilipita kibandani kwake. Mama yake alikuwepo, amezeeka, ameketi kwenye kiti cha wateja. Tulizungumza habari za kanisa, kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Mwalimu, huyu aliniambia mlikuwa na ishara yenu. Siku ile hakuifanya?"

Kabla sijajibu, binti yake akasema, huku akipanga rasta kwa mkono wa kushoto, "Niliifanya, mum. Kochi hakuniona. Jua ilikuwa inampiga macho."

"Jua la siku ile lilikuwa kali," nikasema.

"Pole, mwalimu," mama akaniambia. "Si makosa yako."

Binti hakugeuka. Sijui kama anaamini hivyo, au ananistahi mbele ya mama yake kama nilivyoahidi kumstahi yeye mbele ya watu. Sikuthubutu kuuliza. Nilinunua mafuta ambayo sikuyahitaji, nikaenda zangu.

Siku ile jua lilikuwa mgongoni mwangu. Kamba ile niliiona mara zote mbili. Ilikuwa ya bluu, na haikuwa imefunguka.