Mama Alipohamia Ghorofani

Nililelewa ndani ya yadi ya magari ya kutengeneza barabara, hapa Garissa, upande wa Waberi. Baba alikuwa mlinzi. Magreda yalipochakaa na wafanyakazi wakahamishwa, tulibaki na vyuma vyenye kutu, vumbi na mbuzi wa mama. Baba akafariki. Mama akaendelea kukaa katika kile chumba cha mabati, na hakuna aliyemwambia atoke.

Miaka ikapita, kisha ikaamuliwa yadi ijengwe: maduka na zahanati chini, nyumba za kuishi juu, soko la mboga kando. Maafisa walikuja wakamweleza mama kwa upole kwamba atapewa nyumba ghorofa ya pili. Yeye, aliyekulia nyuma ya ngamia huko Tarbaj, akauliza kama mbuzi wake wataweza kupanda ngazi. Walicheka. Mama hakucheka. Mbuzi tukawapeleka kwa mjomba.

Mwanzoni nyumba ile ilimwelemea. Alijifungia, akakaa sakafuni, akinilalamikia kwamba hapo juu hapiti mtu wa kumtolea salamu. Mlango wa pili aliishi mwalimu kutoka Kitui, mjamzito, ambaye mumewe alifanya kazi mbali. Wakikutana kwenye ngazi walitikisiana kichwa tu.

Adhuhuri moja nilikuwa nimemletea mama maziwa, tukasikia mtu akigumia nje. Mama alinitangulia kufungua. Mwalimu alikuwa ameketi kizingitini kwake, kashika kiuno, chupa imeshapasuka. Alisema anaogopa kushuka peke yake.

Mama hupenda kuniachia mimi niongee Kiswahili. Siku hiyo hakuningoja.

"Usiogobe, walaal," alimwambia. "Wewe dada yangu. Shika mimi."

Nilikimbia kumwita muuguzi wa zahanati ya chini. Wao walishuka polepole, wameshikana, wakitulia kila uchungu ulipokuja. Kabla ya alasiri mtoto wa kike alikuwa amezaliwa, pale pale zahanatini, na mama ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi.

Arubaini yote mama alimpikia mzazi supu, akamfukizia udi, milango yote miwili ikiwa wazi. Nilimuuliza kama bado anataka kurudi Tarbaj. Alikuwa amempakata mtoto. Akanijibu kwa Kisomali, bila kuinua macho, kwamba anawakumbuka mbuzi wake kila siku, ila mtoto huyu sasa halali mpaka asikie sauti yake yeye.