Moduli ya Mdogo Wake

Kwa miaka tisa kazi ya Mama Vifurushi katika maktaba ya chuo ilikuwa moja: kuchukua programu huria ya kuhifadhi data, ambayo watu wa kila pembe huiandika kwa kujitolea, na kuifungasha ili hata karani asiye na utaalamu aiweke kwenye seva yake. Programu kuu aliiweka kwenye kifurushi kimoja, moduli za hiari, yaani vijiprogramu vya nyongeza, kila moja kwenye chake. Mtu aongeze anachohitaji, akiwashe kwa amri ya mstari mmoja. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na ahsante alizisikia kwa nadra.

Kisha mdogo wake akaajiriwa hapo hapo maktabani, na dada mtu ndiye aliyemfundisha kazi. Hata mwaka haujaisha, mdogo mtu akaandika moduli ya kuonya diski inapokaribia kufa. Sifa zikammiminikia. Mkuu wa kitengo akawa hana wimbo mwingine. Hata mama yao, ambaye kompyuta aliijua kwa kuifuta vumbi, alipiga simu: "Nasikia mdogo wako kabuni kitu. Na wewe bado unafungafunga?"

"Bado, mama," alijibu, akakata simu kabla hajasikia zaidi.

Toleo jipya la programu lilipofika, aliifungasha moduli ile. Haikujiwasha yenyewe; moduli za hiari ndivyo zilivyo. Lakini kwenye maelekezo, palipotakiwa mstari wa kuiwasha, aliacha patupu. Nyingine zote ziliandikiwa. Alijiambia atarudi kuujaza. Hakurudi.

Wiki ya tano, fundi wa hospitali moja aliwaandikia. Diski yao ilikuwa imekufa, picha za eksirei za siku mbili zimepotea, na wagonjwa wameitwa kupigwa picha upya. Moduli ya kuonya walikuwa nayo. Walidhani inafanya kazi.

Mdogo mtu akafungua maelekezo, akayapitia kwa kidole. "Dada, yangu haina mstari wa kuwasha. Ulipitiwa?"

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, wazi kabisa. Angeitikia tu, mambo yangeisha.

"Sikupitiwa," alisema. "Niliuacha makusudi. Nilikuonea kijicho."

Mdogo wake hakupandisha sauti. Alizima kompyuta, akabeba mkoba, akaondoka saa sita mchana. Siku nne wakawa wanapeana salamu za mdomoni tu.

Mchana ule ule Mama Vifurushi alitoa marekebisho. Aliongeza mstari, na ujumbe wa kumjulisha mtumiaji kuwa moduli ipo lakini haijawashwa, kisha akaandika kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, wasome wote, kwamba kosa ni la mfungashaji na lilikuwa la makusudi. Akampigia fundi yule kumwomba radhi. Mkuu akaamuru kila kifurushi cha Mama Vifurushi kikaguliwe na mtu wa pili.

Siku ya tano mdogo wake akavuta kiti. "Nitakagua mimi. Na sitakuonea huruma."

"Usinionee," alisema dada yake, akamsogezea kioo cha kompyuta.

Mwezi uliofuata moduli ilionya mapema kuhusu diski ya shule fulani, na barua ya shukrani ikaja ikimtaja mdogo mtu peke yake. Mama Vifurushi aliisoma yote, na roho ikamuuma vile vile. Akamtumia mdogo wake barua ile, akaendelea na kifurushi kilichokuwa mbele yake.