Mwaka Mzima Nilikula na Marehemu

Mwaka mzima nilikula chakula cha mchana na mtu aliyekufa.

Usikimbie, sina wazimu. Nisikilize kwanza.

Naitwa Nhan, mjane kutoka mkoa wa Nam Dinh, Vietnam. Miaka tisa nimepika kwenye nyumba za watu Hanoi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bwana Quyen na mkewe Diem, ghorofa tano. Watu wa hela ndefu. Hata samaki wao wa mapambo walikuwa na mtu wa kuwahudumia.

Sasa kwetu, kabla hujagusa vijiti vya kulia, mdogo anakaribisha wakubwa. Mmoja mmoja, kuanzia mwenye umri mkubwa. Bibi karibu chakula, baba karibu chakula, mama karibu chakula. Hata kama mpo kumi na wali unapoa.

Kwa Quyen? Thubutu!

Baba na simu yake, mama na yake, na binti yao Vy, miaka kumi na miwili, na yake. Diem nimemzidi miaka ishirini, lakini jina langu kwake lilikuwa "wewe".

"Wewe! Supu ya baridi hii unampa nani?"

Siku moja nikagundua kitu kilichoniuma sana. Tangu nifike pale, hakuna aliyewahi kuniambia nile.

Ghorofa ya juu kulikuwa na madhabahu ya marehemu mama yake Quyen. Kila mchana nilimpelekea sinia la chakula, maana kwetu wafu nao hutengewa. Nikaanza kupanda na bakuli langu, nikikaa sakafuni mbele ya picha yake.

"Bibi, karibu chakula."

Upweke ulinifikisha huko, jamani. Yule wa kwenye picha ndiye aliyekuwa ndugu yangu mle ndani.

Vy akanifuma.

"Unaongea na nani?"

"Na bibi yako. Namkaribisha chakula."

Akacheka. "Si alishakufa? Atakujibu?"

"Na nyie mlio hai, mnanijibu?"

Akakaa chini, akaniuliza inavyosemwa. Nikamfundisha.

Ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha bibi. Wageni wakajaa, wafanyabiashara wa rika la Quyen. Chakula kilipotengwa, Vy akasimama. Akageukia mlango wa jikoni, niliposimama mimi.

"Bi Nhan, karibu chakula. Baba, karibu chakula. Mama..."

"Koma!" Diem akawaka. "Unamtanguliza mtumishi mbele ya baba yako?"

"Si ndiye mkubwa humu ndani?"

Mgeni mmoja akacheka. Quyen akaangalia bakuli lake. Diem akaninyooshea kidole.

"Wewe! Umemlisha nini mwanangu? Kusanya vitu vyako."

Nikaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Kwenye basi nililia, lakini moyoni nilikuwa na furaha yangu. Nilikuwa naenda kwa mwanangu Tuyen. Huko nitakaribishwa.

Tuyen kanijengea jina kijijini. Nyumba ya ghorofa mbili, wajukuu shule ya kulipia, yote kwa jasho langu la jikoni.

Meza ikaandaliwa. Nikakaa, mikono mapajani, nasubiri.

Mjukuu akanyakua paja la kuku. Mkwe akajichotea wali. Tuyen anatafuna, macho kwenye simu.

"Mama, mbona huli?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mnikaribishe."

Wakaangua kicheko wote, hadi mjukuu.

"Mama naye!" Tuyen akasema. "Hayo ni ya enzi za njaa. Siku hizi chakula kipo, kila mtu ajichotee."

Nikala. Wali nilijichotea mwenyewe.

Miaka tisa nimewasema matajiri wa Hanoi kwamba hawana adabu, kumbe nilikuwa najenga nyumba ileile kwangu. Hela nilituma kila mwezi na ilifika. Adabu haina benki. Inataka mtu akae mezani na mtoto, na mimi nilikaa na mtoto wa Diem.

Wewe uliye mbali na wanao, leo ukipiga simu usiulize kama hela imeingia. Uliza wamekula na nani.