Sanduku Lililonyweshwa na Nyumba Nzima

Kaka yangu mkubwa walimwita Vidole, na jina hilo hakulipata kwa wizi. Alilipata kwa kuviringisha biri, zile sigara nene za tumbaku tupu ambazo tajiri akiwa nazo mdomoni hujui anavuta au kazibwa asiseme. Kaka alikaa kwenye benchi moja la karakana tangu ndevu hazijaota, zikaota, zikajaa, zikawa nyeupe. Biri zake zilinyooka hivi kwamba seremala wa mtaa wa nyuma aliwahi kuazima moja apimie mlango, na mlango ule hadi leo haukwaruzi sakafu. Siku moja alijaribu moja pale dirishani, moshi ukatoka nje ukasimama katikati ya barabara, mzito, hauna haraka na mtu. Gari la mikate likapiga honi weee, mwishowe dereva akazima injini akangoja upite. Asiyeamini akamuulize dereva, ila dereva mwenyewe alishakufa.

Ubavuni pake kwenye benchi alikaa Kisu. Kisu ndiye aliyechambua majani, akitoa ule mshipa wa katikati kama unavyotoa mfupa wa samaki, akayakata, kisha Vidole akaviringisha. Mmoja bila mwenziwe alikuwa mkasi wa upande mmoja. Na kutwa nzima kazi yao nyingine ilikuwa kusutana.

"Wewe bila mimi utaoza," Kisu humwambia.

"Na wewe bila mimi utakauka, upepo ukupeperushe," Vidole hujibu, hata macho hainui.

Basi ikafika siku mikono ya kaka ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kikawa kinafika mdomoni nusu. Msimamizi wa karakana, mtu mwenye utu, akawaambia watengeneze fungu la mwisho, liwe lao wenyewe, kwa majani mazuri kuliko yote yaliyokuwa ghalani. Wakaligawa kwenye masanduku mawili ya mbao za mwerezi, kila mmoja akaondoka na lake. Wakapatana majani yapumzike, yaivane, yasifunguliwe mpaka siku Kisu atakapokuja kula kwa Vidole. Hapo ndipo watavuta pamoja. Baada ya hizo hakuna nyingine, maana mikono ile sasa hata kifungo cha shati hufungiwa na mkewe.

Kisu hakuwa mwepesi wa kuja. Alifiwa na mke, akawa anaishi peke yake upande wa pili wa mji, na kila akialikwa ana udhuru: leo goti, kesho mvua, keshokutwa bomba linavuja. Mwishowe kaka akampelekea ujumbe kwamba kama anaogopa kuona sanduku lake lilivyoshindwa, aseme tu. Jibu likarudi hapohapo: Ijumaa nakuja, na langu nakuja nalo.

Maneno hayo yakamtia kaka kiherehere. Akasema ahadi ilikuwa sanduku lisifunguliwe, lakini hakuna aliyesema lisichunguliwe. Lilikaa mvunguni mwa kitanda chake, penye giza na ubaridi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wa kaka ulishaacha mchezo huo, basi tuliinama sisi: wifi yangu, yaani mkewe, na mimi niliyekuja kuwasalimu nikakaa mpaka wakaacha kuniuliza naondoka lini. Tukalivuta, tukaliweka kitandani, kaka akainua kifuniko.

Biri zilikuwa zimeota manyoya.

Manyoya meupe, laini, kama mashavu ya mtoto wa paka, na hapa na pale doa la kijani. Harufu ikapanda kama ya kitambaa cha deki kilichosahaulika ndooni.

Kaka akatazama, akatazama tena. "Huo ni unga," akasema.

"Unga gani?" wifi akauliza.

"Tumbaku nzuri ikitulia hutoa unga. Ni mafuta yake yanapanda juu. Dalili njema hiyo."

"Baba watoto, hiyo ni koga."

"Ni unga."

"Unga wenye nywele?"

"Wa daraja la juu."

Lakini aliyeishi na tumbaku umri mzima hawezi kujidanganya mpaka jioni. Akaomba brashi yake ya kunyolea, akashika biri moja, akaipiga brashi; mkono ukitetemeka vile, brashi ilipita mara mbili bila kuombwa. Unga ungepukutika kama vumbi na kuacha jani safi. Huu ulijivuta, ukapakaa, ukaacha alama ya kijani. Kaka akakaa kitandani taratibu.

"Ni koga," akasema.

"Basi tutupe," wifi akamwambia kwa upole. "La kuvunda halina ubani."

Kaka akaweka kiganja juu ya kifuniko kama mtu anayemzuia mtoto asiondoke. "Nikitupa hizi, nimeviringisha nini maisha yangu yote? Nyingine zote zimeshavutwa. Na Kisu aliniambia nitaoza. Ijumaa anakuja kuniona nimeoza."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Sanduku lile lilikuwa na droo ndogo ubavuni, na ndani ya droo kikopo chenye sponji. Kazi yake ni kuipa tumbaku unyevu kidogo isikauke, na unaweza kukinywesha bila kufungua kifuniko. Kule karakana desturi ilikuwa kwamba apitaye karibu na sanduku hulitilia tone, maana ghala lilikuwa kubwa, na wapitao wachache. Kaka alikuja na sanduku nyumbani, na desturi akaja nayo. Sasa akaivuta droo. Kikopo kilikuwa kimejaa pomoni, maji yamefurika yakaingia mpaka kwenye mbao.

"Nani ametia maji?" akauliza.

"Mimi," wifi akajibu. "Si ulisema tone? Kila nikifagia mvunguni natia tone."

Mkaza mwana wao, mke wa mtoto wao wa kwanza, alikuwa mlangoni na beseni la nguo. "Kumbe na mama anatia? Mimi nilidhani limesahauliwa. Kila nikibadilisha shuka nalinywesha."

"Na wewe, baba watoto?" wifi akamgeukia.

Kaka akatazama dirisha. "Asubuhi tu."

"Kwa mgongo upi?"

"Nalivuta kwa mpini wa mwavuli mpaka ukingoni mwa kitanda. Halafu nalala kifudifudi, natia kwa kijiko."

"Kwa mikono hiyo?" wifi akasema. "Ndiyo maana godoro linakojoa na wajukuu hawajaja."

Basi tukajua. Sanduku lile halikuuawa na adui. Lilipendwa na watu wengi mno, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayelikumbuka.

Hatukutupa. Kaka akavuta kiti akakaa karibu na meza ya dirishani, akatuongoza kwa macho, sisi tukawa mikono yake. Kila biri kwanza tuliitazama upande wa kuwashia. Koga ikiwa imeingia ndani huko, imekufa hiyo, inaenda kwenye kopo la kutupia. Ikiwa juu ya ngozi tu, tunaitoa nje ya dirisha na kuipiga brashi hukohuko, maana mbegu za koga hupaa, zikitua chumbani umehamisha balaa tu. Kisha kitambaa safi kilichochovywa spiriti kikakamuliwa sana, unapitisha kama unavyomfuta mtoto macho akiwa usingizini, kwa sababu jani la nje ni jembamba kuliko aibu. Kisha unaipumzisha kivulini juu ya wavu. Juani hapana, itapasuka.

Mkaza mwana ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Kaka alimtazama akigeuza biri kwa ncha za vidole, akasema, "Mwanangu, wewe ungezaliwa mapema, benchi langu lingekuwa lako, na Kisu angekosa mtu wa kumsuta."

Sanduku tulilikausha, tukalifuta kwa spiriti na si kwa sabuni, maana mwerezi hunywa harufu, na nani anataka kuvuta sabuni. Sponji ikatupwa. Zilizokuwa karibu na droo karibu zote zilikufa. Za upande wa pili zilipona, nyingine na makovu. Kopo la marehemu nililizika mwenyewe nyuma ya banda, na tangu siku hiyo mbu wakifika pale hukohoa, hugeuza njia.

"Mwambie Kisu panya walikula," nikamshauri kaka tulipozirudisha biri na mapengo yake.

"Panya havuti, dada."

"Wa mtaa huu?"

Lakini hakucheka, na mpaka Ijumaa yenyewe hakutuambia atasema nini.

Kisu akaja na sanduku lake kwapani, limefungwa taulo. Alikula kama mtu aliyechoka na mapishi yake mwenyewe. Baada ya chakula wakaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kila mmoja na sanduku magotini, na sisi tukakumbuka kwamba nje kuna vyombo vya kuosha.

"Fungua," Kisu akasema.

"Mgeni kwanza."

"Mwenyeji ndiye huonyesha njia."

"Fungueni pamoja," wifi akawaambia kutoka kwenye karai. "Kwani mnavua nguo?"

Wakafungua. La kaka lilikuwa na mapengo kama mdomo wangu, na harufu ya spiriti. La Kisu limejaa safu kwa safu, kahawia, safi, hakuna doa hata moja.

"Nimeoza," akasema. "Nyumba nzima ilininywesha."

Kisu hakucheka. Akachukua biri moja kutoka sanduku lake, akamnyooshea kaka. Kabla haijafika ikavunjika vidoleni mwake kwa sauti ya jani la kiangazi, vipande vikamwagika kwenye ngazi. Akachukua ya pili, ikafanya vilevile.

"Maji nilitia siku ile ya kwanza," Kisu akasema. "Halafu likakaa juu ya kabati. Mtu ukiwa peke yako, usichokiona umekisahau. Hakuna wa kukuuliza."

Sufuria yangu nikawa naisugua mahali pamoja.

"Nilikwambia utakauka," kaka akasema mwishowe.

"Na mimi nilikwambia utaoza."

Hapo kicheko kikawatoka, kikaanzia tumboni kikapanda. Kaka alicheka mpaka mikono ikaacha kutetemeka, na mtetemo ukahamia mabegani. Jirani alizima redio yake asikilize iliyo bora.

Wakawasha mbili kutoka kwa kaka, katika zile zilizopona. Kisu akavuta, akafumba macho. "Ina ladha ya hospitali."

"Hiyo ni mlangoni tu. Endelea, utaifikia tumbaku."

Akaifikia. Nilijua kwa jinsi alivyonyoosha lile goti lake. Walivuta taratibu, moshi ukapanda juu ya kamba ya nguo, na safari hii haukumzuilia mtu njia.

"Zako hazijafa," kaka akamwambia. "Kavu hurudi, ukiinywesha polepole. Kwa haraka itapasuka. Ziache hapa, zikae na zangu. Zangu zina unyevu wa kugawa."

"Na maji atatia nani?" wifi akauliza. "Mimi? Wewe na mwavuli wako? Nahodha wengi, chombo huenda mrama."

Kaka akafikiri, akapuliza moshi. "Kisu. Yeye peke yake. Akija anatia tone moja. Asipokuja, hakuna atakayegusa, zikikauka zimekauka."

"Lakini goti langu," Kisu akaanza.

"Leo limekujaje?" wifi akamuuliza.

"Na ikinyesha?"

"Ikinyesha ndiyo uje, shemeji, chakula kitakuwa cha moto."

Kisu akatazama masanduku yale mawili. Akasema kazi si ngumu, ataijaribu.

Ijumaa iliyofuata akaja, akatia tone, akala. Na iliyofuata. Koga haikurudi, na zile kavu zikaanza kulainika, ukizibonyeza zinakubali. Ila juzi, katikati ya wiki, wifi aliingia chumbani akamkuta Kisu amelala kifudifudi juu ya kitanda, mkono mvunguni, na kaka kando yake anamshikia mwavuli. Kisu anasema aliota sanduku lina kiu. Wifi akamnyang'anya kijiko, akampa cha kulia wali, akamwonyesha meza.