Walimpigia makofi kabla ya kujua alichosema

Saa nne asubuhi, Jumatano. Raili Kettunen yuko peke yake katika ukumbi wa sinema wa Kivilahti, mji mdogo wa Ufini, ameketi safu ya mwisho, miwani imemshukia puani. Kwenye skrini mwanamume wa koti jeusi anapanda ngazi za stesheni ya treni, anavua kofia na kuanza kuhutubia.

Raili hamtazami usoni. Macho yake yako chini ya picha, pale yanapopita maandishi ya tafsiri.

"Yapo," anasema. Anapanda ngazi hadi chumba cha mtambo, anazima kila kitu, anawasha upya, anarudi kuketi. Mwanamume anavua tena kofia. "Yapo."

Hii ni mara ya nne asubuhi hii. Wiki tatu zilizopita hakukagua hata mara moja, na mji mzima wa watu elfu sita bado unalizungumza jambo hilo.

Raili ana umri wa miaka 59. Alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha karatasi, akichambua mabunda, mpaka kiwanda kilipofungwa na nusu ya wanaume wa Kivilahti wakahamia kusini. Yeye alibaki. Mzee aliyekuwa akiendesha sinema ya halmashauri alikuwa anastaafu, akamfundisha mtambo wa kuonyeshea filamu kwa wiki mbili, akamkabidhi funguo.

Huo ni mwaka wa ishirini na mbili sasa. Anakata tiketi, anachemsha kahawa, anaoka mikate ya iliki, anaonyesha filamu, anafagia. Kwa yote hayo analipwa euro 1,900 kwa mwezi kabla ya kodi.

"Watu wananiuliza kwa nini sikutafuta kazi nyingine," anasema. "Ipi? Huku nakaa gizani na hakuna anayenisemesha. Kwa Mfini hiyo ni kazi ya ndoto."

Jumapili ile alikuwa na watazamaji sitini na watatu, wengi wao wastaafu. Filamu ilikuwa ya Kihungaria, na inasimulia mji mdogo wa miaka ya thelathini ambamo chama cha siasa cha daktari mmoja wa mifugo, mtu mpole na mtanashati, kinakuja kutawala mtaa hadi mtaa. Raili mwenyewe alikuwa hajaiona.

Mlangoni Urho Sarkola, dereva wa basi mstaafu, aliuliza urefu wa filamu.

"Saa mbili na dakika arobaini," Raili akamjibu.

"Kibofu changu kina miaka themanini na moja, Raili."

"Kuna mapumziko katikati."

"Na hiki Kihungaria? Shuleni walituambia ni ndugu yake Kifini."

"Ndugu hawajatembeleana miaka elfu kadhaa, Urho. Ndiyo maana kuna tafsiri. Ingia, unawazibia wenzako mlango."

Nusu ya kwanza ilikwenda salama. Watu walikunywa kahawa, wakarudi vitini, Raili akapanda juu. Mtambo ulikuwa umekwama. Akauzima, akauwasha, akasogeza filamu mpaka dakika ya themanini na mbili. Kitu kimoja alikisahau: kila mtambo unapowashwa upya, maandishi ya tafsiri hayaji yenyewe. Lazima uyachague.

Sehemu ile inaanza na dakika kadhaa za ngoma na bendera, bila neno. Kisha daktari akapanda ngazi za stesheni.

Ukumbini hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Raili aliona mara moja kwamba chini ya picha hakuna kitu, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Nikajiambia, nimsikilize kidogo tu," anakumbuka. "Ile sauti. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu anakufunika blanketi."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na haya hata hayakuhitaji kueleweka. Mwigizaji alianza kwa kunong'ona. Akamtaja mama, neno ambalo kila mtu alilihisi kutokana na alivyoshika kifua. Akatania kitu, umati wa kwenye filamu ukacheka, na Raili akasikia ukumbi wa Kivilahti nao ukicheka. Mwishoni alipaza sauti huku machozi yakimtiririka, mikono imenyooshwa, mvua ikimnyeshea.

Urho ndiye aliyeanza kupiga makofi. Safu yake ikafuata, halafu ya nyuma yake. Wafini hawapigi makofi kwenye sinema. Raili hakuwahi kuona hilo tangu apewe funguo.

"Na mimi nilipiga," anasema. Anavua miwani. "Huko juu, peke yangu. Hakuna aliyeniona. Lakini nilipiga."

Makofi yalipokwisha aliona aibu ya kawaida, ya mfanyakazi aliyekosea kazi. Akasimamisha filamu, akawasha taa, akashuka kuomba radhi.

"Tumewakosesha tafsiri, nisameheni. Niendelee mbele au nirudishe nyuma?"

"Rudisha," alisema Helvi Ahokas, mwalimu mstaafu wa muziki, aliyekuwa bado anajifuta macho. "Hotuba nzuri kama ile tusiijue?"

Raili akairudisha.

Daktari wa mifugo alipanda ngazi zilezile na kunong'ona vilevile. Safari hii chini yake yalipita maneno kwa Kifini. Alisema mama anayeipenda nyumba yake huifagia. Alisema mtaa wa chini, wa kando ya mto, umejaa watu wasio wa mji huu, ingawa babu zao wamezikwa hapo. Akatania kuhusu mshona nguo wao aliyechapwa sokoni akakimbia nusu uchi. Hapo ndipo umati ulipocheka. Kisha, kwa machozi yale yale, akasema gugu hung'olewa likiwa changa, kwa hiyo wasiwaonee huruma watoto.

Katika filamu umati ulilipuka kwa makofi. Ukumbini hakuna aliyekohoa.

 Raili alitazama mikono yake. Kupitia kidirisha cha chumba cha mtambo aliona mistari ya vichwa vyeupe, havigeuki, kama watu waliokamatwa na kuambiwa wasitikisike.

Halafu ikasikika sauti ya mwanamume, ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Mengine aliyosema si uongo."

Alikuwa Tapani Vuorela, muuza matrekta, mtu anayesaidia kila mwaka kupamba kanisa. Mke wake, Sirkka, aliyeketi kando yake, alichukua mkoba wake, akainuka, akapita magoti ya watu sita mmoja mmoja huku akisema "samahani, samahani", akaenda kuketi safu ya mwisho. Hakurudi mpaka filamu ilipokwisha.

Kwa kawaida filamu ikimalizika wazee hubaki dakika ishirini kupiga soga. Siku hiyo walivaa makoti kimyakimya. Helvi peke yake ndiye aliyesimama mbele ya Raili.

"Ulifanya makusudi?"

"Hapana, Helvi. Nilisahau kubonyeza."

"Nimefundisha muziki miaka thelathini na sita. Nimewaambia watoto muziki hausemi uongo. Leo nimepigwa kama kinanda." Akafunga kitambaa chake shingoni. "Afadhali ungekuwa umefanya makusudi. Ningekuwa na wa kumlaumu."

Wengine hawakusubiri kujua. Siku mbili baadaye gazeti la mji lilichapisha barua isiyo na jina: eti mwonyesha filamu amewategea wazee mtego wa kisiasa kwa fedha za halmashauri. Ofisa wa utamaduni, kijana aliyezidiwa na Raili umri kwa miaka thelathini, alimwita ofisini.

"Kwenye ripoti yako, andika tu kwamba ni hitilafu ya mtambo," alimshauri.

"Si mtambo. Ni mimi."

"Sawa, andika ni wewe. Lakini hayo ya kwamba na wewe ulipiga makofi, usiyaandike."

"Nimeshaandika. Ukurasa wa pili."

Siku tatu hakujua kama angebaki na kazi. Alifika kila asubuhi, akafagia ukumbi uliokuwa tayari safi. Siku ya nne, alipokuwa akipanga vikombe, Urho akaingia. Hakuvua koti. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili, na alionekana hivyo.

"Kahawa?" Raili akamuuliza.

"Kaa kwanza."

Urho akamsimulia. Mwaka 1930 baba yake alikuwa mmoja wa watu wawili wenye gari kijijini kwao. Fundi viatu wa jirani, Oskari Lindroos, alikuwa akisoma magazeti ya wafanyakazi na kuwasomea wenzake. Siku moja wanaume watatu, wapinga ukomunisti, walimwambia baba yake Urho awashe gari. Wakamtoa Oskari kibandani kwake, wakampiga njia nzima, wakamtupa msituni karibu na mpaka wa mashariki, upande wa Urusi. Alirudi baada ya siku tano, kwa miguu, akiwa na kiatu kimoja.

"Kwetu kilikuwa kisa cha Krismasi," Urho alisema. "Baba alikisimulia kila mwaka. Mwishoni sote tulikuwa tunasema kwa pamoja: fundi viatu kakosa kiatu. Tunacheka mpaka mama anafuta machozi."

Raili aliweka kikombe mezani.

"Mimi mwenyewe nimekisimulia, Raili. Kwenye basi. Miaka mingi. Abiria wanacheka. Jumapili yule mtu alipotania kuhusu mshona nguo, mara ya kwanza nilicheka bila kuelewa. Mara ya pili nikasoma. Ni kisa chetu. Wamebadilisha suruali kwa kiatu tu."

"Huyo Oskari alikuja kuwaje?"

"Ndiyo hiyo. Sijui. Miaka themanini na moja, na sijawahi kuuliza."

Alikwenda kuuliza. Katika vitabu vya kanisa aligundua kwamba Oskari Lindroos alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 34, akaacha mjane na mabinti wawili waliohamia Sweden. Kaburi halina jiwe.

Urho ndiye aliyekwenda ofisi ya halmashauri, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema haondoki mpaka filamu ile iruhusiwe kuonyeshwa tena na Raili ndiye aionyeshe. Ofisa wa utamaduni alipiga simu tatu. Kisha akakubali: mara moja tu, Jumapili hii, na baada ya filamu watu wazungumze wakitaka.

Tiketi tisini na moja zimeshachukuliwa. Helvi amechukua mbili na kumwalika mwanafunzi wake wa zamani. Sirkka Vuorela alipiga simu Jumatatu.

"Viti viwili," alisema.

"Vya pamoja?" Raili akamuuliza.

"Acha kimoja wazi katikati. Tutaona."

Taa zikiwaka, Urho atakwenda mbele na kulitaja jina la Oskari Lindroos, na kisa kizima, na gari lilikuwa la nani. Anasema baada ya hapo ataomba mchango wa jiwe la kaburi, na wasiopenda wasichange. Raili ameagiza maziwa zaidi na amepanga kuoka mikate mia na ishirini.

Lakini si mikate inayomkosesha raha. Tangu wiki iliyopita amekuwa akiwaza zile sekunde chache baada ya hotuba, mvua bado inanyesha kwenye skrini, umati wa filamu unashangilia.

"Mara ya kwanza tulikuwa na udhuru," anasema. "Hatukuelewa. Jumapili hii maandishi yatakuwepo, nitahakikisha mwenyewe. Kila mtu atasoma. Nitafungua kidirisha changu, nitasimama pale na kusikiliza."

Atasikiliza nini?

Raili anazima taa za ukumbi, safu baada ya safu, kabla ya kujibu.

"Natumaini sitasikia kitu."