Nilivyolinda Michoro ya Korongo la Karuba

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa posti ya utalii pale Karuba alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama, gide wa mwanamuke iko wapi mu hii milima?"

"Iko mbele yako, Shefu."

Akanipa panga la kufyekea njia.

Kazi ya gide ni kuongoza wageni na kuwarudisha wazima. Njia yetu ilikuwa fupi. Unashuka malisho ya ng'ombe, unaingia korongo, yaani bonde jembamba lenye kuta za mawe, unapita maboma ya kale yaliyobaki kuta za kufika magotini, halafu unafika kwenye mwamba wenye michoro: ng'ombe wa pembe ndefu, watu wanaocheza, mkono mmoja mwekundu. Niliwakataza wageni kumwagia michoro maji ili ing'ae pichani, maana maji hubandua rangi. Wengine walinuna. Wanune.

Mkuu wa pili, aliyekuja baada yake, alikubali mwamba upasuliwe, zipatikane kokoto za barabara. Niliposikia nyundo nilishuka mbio, nikakuta ukuta mmoja wa boma umekwisha kuwa changarawe. Nikaenda nikaegemeza mgongo kwenye michoro.

"Toka hapo, Mama," mkuu alisema. "Ile njo mawe tu."

"Kama iko mawe tu, mukamate ya kule juu. Iko mingi."

"Mimi njo shefu wako!"

"Njo vile, Shefu. Lakini sitoki."

Kiongozi wa wavunja mawe, papa mmoja, yaani mzee, wa Mushaki, aliweka nyundo chini. "Mimi siwezi piga jiwe yenye mama ameegemea," akasema, akapanda zake. Wenzake wakamfuata.

Kwa hilo nilihamishiwa Hombo, kufagia ofisi. Nililia kwa ajili ya ule ukuta, si kwa ajili ya ufagio. Mkuu wa tatu ndiye aliyenirudisha Karuba.

Sasa nimestaafu. Wanangu wanasema vita vimefukuza wageni, nikae nyumbani. Basi nawapeleka wenyeji: wauza maziwa, wakulima wa maharage, waliokimbia vijiji vyao. Juzi mama mmoja mkimbizi aliingia ndani ya boma, akavua viatu, akakaa chini. Tulipopanda barabarani, mtu mwenye bunduki alituuliza nani ametupa ruhusa ya kushuka kule.

Kabla sijafungua kinywa, yule mama alimjibu, "Tunatembea kwetu."