Pumzi ya Kumwozesha Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Korogwe, Bwana Mganga, yaani daktari wa serikali, alinikabidhi koti jeupe lililonipwaya na beseni la kuchemshia vyombo. Nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa kusafisha vidonda na kufunga bandeji. Aliona ninavyojivuna, akasema, "Kijana, wengi watapona mikononi mwako. Wengine utakaa nao tu. Hiyo nayo ni kazi." Sikumwelewa. Enzi zile za Mwingereza, kijana aliyevaa koti jeupe hakuwa mwepesi wa kuelewa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa zahanati ya Kwaluguru, Handeni. Huko nilimpokea Mzee Saidi, mkulima wa mahindi, aliyerudishwa kutoka Tanga alikopigwa picha ya kifua. Daktari wa huko alikuwa ameona uvimbe mkubwa kwenye pafu: saratani, tena uvimbe usioweza kupasuliwa. Bwana Mganga alipokuja kukagua zahanati, nilimwuliza nimpe dawa gani.

"Ya kuponya hatuna," akasema. "Mfundishe kuishi na pumzi aliyobakiwa nayo."

Nikamfundisha. Akibanwa, akae kitako na kuinama mbele, viwiko juu ya magoti. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji. Aoge ameketi kwenye kigoda. Alale ameegemea magunia ya sufi. Mkewe alihamishia mafiga nje ili moshi usimkabe mumewe, na joto likizidi alimpepea usoni kwa pepeo la ukindu.

Kilichommaliza zaidi ni salamu. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na kila mgeni huuliza habari za usiku, za watoto, za shamba na za mbuzi, naye lazima ajibiwe. Ikifika adhuhuri mzee yuko hoi. Nikaagiza mkewe ajibu kwa niaba yake, yeye ainue mkono tu. Watu walinuna. Walisema dresa amemgeuza mzee wa watu bubu.

Lakini pumzi ile mzee alikuwa ameiwekea kazi. Zaina, binti yake pekee, alikuwa ameposwa, naye alitaka kumwozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimshauri amwachie yeye uwakala wa kuozesha.

"Mwalimu," akasema, akapumzika. "Mimi bado... nipo."

Mwalimu akaniuliza kama ataweza. Nilijibu kuwa sijui. Kwa kweli niliogopa atatufia mkekani.

Siku ya ndoa hakusema neno tangu alfajiri. Tulimketisha barazani, mkono wake umeshikana na wa bwana harusi.

"Nimekuoza... binti yangu..."

Pumzi ikakatika. Midomo ikageuka rangi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia neno, maana lingekuwa la mwingine. Mwalimu alingoja, ameinamisha macho. Mzee akainama mbele, akapuliza polepole, tena na tena, hadi nikatamani kukimbia nisione. Kisha akainua kichwa.

"Zaina... kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali," akajibu kijana, sauti ikimtetemeka.

Kesho yake mzee hakuweza kusema tena. Zaina alikwenda kwa mumewe, kule Mkata, bila kuagwa hata kwa neno moja, na mwezi haukuandama kabla hatujamzika baba yake. Nililia, nami sikuwa mtu wa kulia makaburini.

Nikahamishiwa Bungu, kisha nikarudi Korogwe, hadi nikastaafu. Majina ya waliopona yamenitoka karibu yote. Wasiopona ninao hapa nyumbani, asubuhi na jioni, na uzee hauwapunguzi.

Juzi Zaina alikuja kunijulia hali. Sasa ni bibi mwenye wajukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akasema kwamba siku ile ya ndoa alikuwa chumbani, na nyimbo za wanawake zilimzuia kusikia.

"Mume wangu hukumbuka hofu yake tu. Baba alisemaje?"

Nikamwambia maneno yale yote, nikipumzika pale alipopumzika mzee, na nilipofika kwenye jina lake nilingoja kama alivyongoja.